Mvuke wa Kastadi

Menna Prosser alipika katika shule ya msingi ya bonde la Cwm Hesgen kwa miaka ishirini na miwili, na kilichomjengea jina miaka yote hiyo kilikuwa kastadi. Watoto aliowalisha waliota ndevu, wakaoa, wakazaa wao, na bado walikuwa wakimsimamisha mbele ya duka la mkate na kumuuliza, "Bi Prosser, hivi ile kastadi yako ulikuwa unaitia nini?"

Naye anapandisha mkoba begani, anacheka. "Maziwa na subira. Kamuulize mama yako kwa nini yeye hana."

Halafu halmashauri ikaamua chakula cha shule kipikwe mbali na kuletwa kwa gari, kimefungwa kwenye trei za plastiki. Jiko la Menna likapigwa kufuli. Akajikuta nyumbani akiwa na miaka hamsini na moja, mikono yake mizima, ulimi wake mzima, na hana pa kuvipeleka. Mumewe Emrys, dereva wa basi la bondeni, alikuwa akitoka asubuhi na kumwacha mezani. Akirudi kula mchana anakuta vikeki vya zabibu vya kutosha timu nzima ya raga.

"Nani atavila vyote hivi, Menna?"

"Wewe. Kaa."

Ndipo Dilwyn Pugh alipopiga hodi. Ilikuwa mwaka wa 2013. Dilwyn alikuwa mmoja wa wale watoto wa kastadi, sasa mtu mzima mwenye kitambi na gari la mkopo. Aliketi kwenye kiti cha Emrys, akatoa mfukoni kitu kama kalamu ya chuma, akavuta, akaachia wingu jeupe lililotanda hadi darini.

"Umeshaziona hizi, Bi Prosser?"

"Nimeziona. Na ukipuliza tena humu ndani utatoka pamoja na wingu lako."

Dilwyn alicheka, akaificha. Akaeleza kwamba amekodi lile banda lililokuwa kiwanda cha kushona, na anataka kutengeneza maji ya hizo sigara za umeme. Nikotini anajua pa kuipata, chupa anazo, mashine ya kubandika lebo anayo. Asichonacho ni ulimi.

"Wenzangu wanatengeneza stroberi na mnanaa, ladha kama za dawa ya meno. Mimi nataka watu wavute kitu kitamu cha nyumbani. Na anayejua kitu kitamu cha nyumbani bonde hili zima ni nani?"

Baba yake Menna alichimba makaa ya mawe miaka thelathini, akafa ameketi kitini, maana akilala pumzi zilimkimbia. Emrys naye alikuwa mvutaji tangu ana miaka kumi na mitano. Kila asubuhi alianza siku kwa kukohoa juu ya sinki la kuogea, na Menna akiwa chini jikoni anahesabu.

"Hayo maji yanatiwa nini?" akauliza.

"Vitu vya chakula tu. Hivyo hivyo wanavyotia kwenye biskuti na aiskrimu. Karatasi zake ninazo, zina mihuri."

Menna alikuwa mpishi. Kwake kitu kilichoruhusiwa kuingia kwenye chakula cha mtoto kilikuwa kimeshapita mlango mwembamba kuliko yote. "Basi kama kinalika," akasema, "sioni neno."

*

Banda lile lilimfaa kuliko alivyotarajia. Alivaa aproni tena. Alipanga chupa za ladha kwenye rafu kama alivyokuwa akipanga viungo: vanila mbele, mdalasini, karameli ya sukari iliyoungua, zile kali nyuma. Wiki tatu alihangaika na kastadi isiyokubali kuwa kastadi. Ilikuwa tamu, ilikuwa na yai, ilikuwa na maziwa, lakini ilikuwa nyembamba. Ulimi unaitafuta, inaponyoka.

"Haina siagi," akamwambia Dilwyn.

Dilwyn akamletea dumu la maji ya manjano. Menna alipolifungua, harufu ilimjaza macho machozi, nusu kwa ukali, nusu kwa furaha. Siagi hasa, ile inayoanza kuchemka kwenye sufuria. Akaongeza matone machache, akachanganya, akamkabidhi Dilwyn avute.

Dilwyn akafumba macho. "Nina miaka saba," akasema. "Nimekaa mstari wa pili ukumbini na mvua inanyesha nje."

Wakaiita Kastadi ya Bibi. Ilipendwa hadi bonde la pili na la tatu. Ikampata hata Emrys, aliyedharau mchezo wote ule tangu mwanzo. Menna alimletea kalamu na chupa, akamwekea mezani badala ya pakiti yake. Miezi miwili haikuisha, sigara zikaachwa. Asubuhi moja Menna akiwa jikoni alingoja kikohozi cha juu, akangoja, hakikuja. Akaketi kwenye ngazi akalia. Aliamini siku ile kwamba ameokoa mtu.

Lowri, binti yao wa pekee, alikuwa na miaka ishirini na miwili. Hakuwahi kuweka sigara mdomoni. Alikuwa mtu wa kupanda milima mbio, kila Jumamosi yumo matopeni na wenzake, anarudi miguu imechanika kwa miiba na njaa ya ng'ombe. Duka la viatu alilokuwa akiuza lilipofungwa, alikuja jikoni akaning'inia mlangoni.

"Mama, niombee basi kwa Dilwyn."

"Wewe? Utaweza kukaa ndani siku nzima?"

"Nitaweza. Tena nitakuwa na wewe. Utanichoka mwenyewe."

Menna akamwombea. Jambo hilo alikuja kulirudia kichwani mara nyingi kuliko mengine yote: kwamba hakuna aliyemsukuma Lowri mle bandani, ni yeye mamaye aliyekwenda kumwombea, akiwa amevaa aproni safi.

Kazi ilikuwa ya vicheko. Majira ya baridi yale maji yalikuwa mazito kama asali, kwa hiyo waliyapasha moto kwenye sufuria kubwa ndipo watie ladha, na madirisha yakafungwa kwa sababu ya upepo wa mlimani. Mvuke ulitanda hadi vioo vikalia. Macho yaliwawasha, wakayapangusa kwa mikono ya sweta. Harufu ya siagi iliwaganda nyweleni na nguoni, wakitoka jioni mbwa wa mtaani waliwafuata hadi mlangoni, na Lowri akawa anawaambia, "Poleni jamani, ni mimi tu, siyo keki."

Kila pipa lililochanganywa lilitakiwa lionjwe kabla ya kutiwa kwenye chupa. Menna alionja kidogo, mvuto mmoja, kwa sababu kifua chake hakikuupenda mvuke. Lowri hakuona taabu. Mapipa sita kwa siku, wakati mwingine tisa. Ilipofika Krismasi ya kwanza alikuwa na kalamu yake mwenyewe, imening'inia shingoni kwa uzi mwekundu, na mkono unaiendea bila kutumwa.

"Wewe hukuwa mvutaji," Menna alimwambia siku moja.

"Hii siyo kuvuta, Mama. Ni kastadi yako."

Wakacheka wote wawili.

*

Kikohozi cha Lowri kilianza mwaka wa pili, mwezi wa Februari. Kikavu, kisicho na makohozi, kama mtu anayekata tawi bichi kwa kisu butu. Daktari wa mjini alimsikiliza mgongoni, akasema ni pumu, akampa dawa ya kuvuta. Haikusaidia. Akampa nyingine yenye nguvu zaidi. Miezi minane ikapita namna hiyo, huku Lowri akienda kazini kila siku.

Nyumba ya akina Prosser iko juu kabisa ya barabara yenye mwinuko, nyumba zimepangana bega kwa bega. Jumamosi moja Menna na Lowri walikuwa wakipanda na mifuko ya sokoni. Walipofika kwenye ukuta wa kanisa, Lowri akaweka mifuko chini, akaketi juu ya mawe yenye unyevu. Midomo yake ilikuwa na rangi ya zabibu.

"Tangulia, Mama. Nitakukuta."

"Una nini?"

"Nimezeeka kabla yako, basi." Alijaribu kucheka, kicheko kikakatika katikati. Menna aliona shingo ya bintiye ikiingia ndani kila alipovuta pumzi, ngozi inafyonzwa kwenye kile kibonde juu ya mfupa wa kifua. Alikuwa ameiona shingo ya namna ile mara moja tu maishani, kwenye kiti cha baba yake.

Hospitali ya Cardiff iliwaita baada ya wiki sita. Walimpulizisha Lowri kwenye mrija, wakampiga picha, na mwishowe wakachukua kinyama kidogo cha pafu. Daktari Sinfield, mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini, aliwaketisha watatu pamoja, Menna, Emrys na Lowri.

"Unafanya kazi gani, Lowri?"

Lowri akamweleza. Daktari akaacha kuandika.

"Hizo ladha, kuna yoyote inayonukia siagi?"

Menna alihisi Emrys akigeuka kumtazama.

Daktari Sinfield aliwachorea kwenye karatasi. Mapafu ni kama mti, akasema; matawi makubwa ya Lowri ni mazima, lakini vile vijitawi vya mwisho kabisa, vyembamba kuliko unywele, vimeota kovu na kuziba. Kuna kitu kinaitwa daiasetili, ndicho kinachoipa siagi harufu yake. Ukikila hakina shida. Ukikivuta siku baada ya siku, kinaunguza.

"Lakini ni cha chakula," Menna alisema. "Mimi ni mpishi, daktari. Ni cha chakula."

"Najua, Bi Prosser. Tumbo lina tindikali yake, lina ini nyuma yake la kusafisha. Mapafu hayana kitu. Kinachoingia mle kinafika kilivyo." Akaionyesha kalamu iliyoning'inia shingoni mwa Lowri. "Na kalamu yenyewe inapochoma yale maji, hutengeneza sumu nyingine ambazo hazikuwemo kwenye chupa. Ni kiasi gani kimetoka kwenye sufuria na kiasi gani kwenye kalamu, sitawadanganya, sijui."

"Kovu linaondoka?" aliuliza Emrys.

"Hapana."

Lowri akavua ule uzi mwekundu shingoni, akaitazama kalamu, akamkabidhi daktari kama mtoto aliyekamatwa darasani na pipi. "Nikiacha leo?"

"Ukiacha leo, huenda likasimama hapo lilipo," alisema daktari. Kwa namna alivyolisema, Menna alijua.

Siku iliyofuata Menna alikwenda bandani peke yake. Alifungua droo yake akatoa karatasi aliyoandikia kanuni ya Kastadi ya Bibi, imejaa madoa. Alikuwa ameiandika kwa kalamu ya risasi nyuma ya karatasi iliyokuja na dumu la siagi, maana ndiyo iliyokuwa karibu. Akaigeuza. Upande wa pili kulikuwa na maandishi madogo aliyokuwa hajawahi kuyasoma. Usipashe moto bila kifuniko. Usivute mvuke wake. Vaa kinga ya kupumulia.

Dilwyn alimkuta amesimama nayo.

"Ulisoma hii?" Menna aliuliza.

"Bi Prosser, makaratasi ni mengi, mimi niliona tu imeandikwa ya chakula..."

"Ulisoma?"

"Hapana."

"Hata mimi." Akaikunja, akaitia mfukoni, akavua aproni. Hakurudi tena mle.

*

Kovu halikusimama lilipokuwa. Walimwandikisha Lowri kwenye orodha ya wanaongoja mapafu ya mtu mwingine, na kungoja huko kukawa ndiyo maisha ya nyumba ile. Mashine ya oksijeni ililetwa, ikawekwa sebuleni penye kabati la sahani, ikanguruma mchana kutwa. Kitanda cha Lowri kikashushwa chini. Alikuwa na mrija mrefu wa kutosha kumfikisha jikoni na chooni. Akijaribu kufika mlango wa mbele, ulimvuta pua.

Emrys hakumlaumu Menna, hata kwa jicho. Aliichukua kalamu yake na chupa zote zilizobaki, akazitupa, na hakurudi kwenye sigara pia. Alikuwa akikaa kwenye basi lake tupu mwisho wa njia, mikono kwenye usukani, hadi abiria wagonge mlango.

Aliyelaumu alikuwa Menna mwenyewe. Alimzunguka Lowri kutwa nzima, mto huku, supu kule, kila dakika anamtazama usoni. Siku moja Lowri akaweka kijiko chini.

"Mama. Acha kunitazama kama mkate ulioungua."

"Sikutazami hivyo."

"Unanitazama. Unafikiri ungenitoa kwenye oveni mapema." Alipumzika, akavuta hewa mara tatu. Sasa maneno yalimjia machache machache. "Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilikuwa na macho. Nami ningeweza kusoma karatasi."

"Mimi ndiye niliyekuombea ile kazi."

"Nilikuomba uniombee." Akanyoosha mkono, akamshika mama yake kidole kimoja, kile cha shahada, kama alivyokuwa akifanya akivushwa barabara. "Ilikuwa miaka mizuri ile. Usininyang'anye."

Menna akalichukua bakuli la supu akaenda kuipasha, ingawa ilikuwa bado moto.

Simu ya hospitali ya kupandikiza mapafu ililia mara moja katika miaka miwili na nusu. Emrys aliendesha gari kwa saa tatu, Lowri nyuma na mtungi wake mdogo wa oksijeni, wamevaa nguo za heshima kana kwamba wanakwenda harusini. Walipofika waliambiwa mapafu yaliyopatikana hayakuwa mazuri. Wakarudi. Njiani Lowri aliomba wasimame pale barabara inapopita juu ya mlima, akashusha kioo akatazama kondoo kwa muda mrefu.

"Ningepanda pale kwa dakika kumi na tisa," akasema. "Kumi na nane kama hakuna tope."

Alifariki mwezi wa Oktoba, alasiri, Emrys akiwa njiani na abiria. Alikuwa na miaka ishirini na saba. Menna alikuwa amekaa kitandani nyuma yake akimwegemeza kifuani mwake, kwa kuwa kulala chali kulikuwa kumeshamshinda. Alihisi mgongo wa bintiye ukipanda, ukishuka, ukipanda. Halafu mashine ikawa inanguruma peke yake.

Wiki iliyofuata mtu wa kampuni ya oksijeni alikuja kuichukua, kijana mpole aliyevua viatu mlangoni. Alikuwa ameshainama kuchomoa waya Menna alipomzuia.

"Kunywa chai kwanza."

"Asante, mama, nina nyumba nyingine tano..."

"Kunywa chai. Iache iwake mpaka umalize."

Kijana akamtazama, akaketi. Alikunywa polepole sana, mashine ikinguruma.

*

Baraza la kuchunguza kifo lilikaa majira ya kuchipua, kwenye chumba kidogo chenye zulia la kijivu. Daktari Sinfield alieleza yale yale aliyowachorea. Akaongeza kwamba tangu 2016 sheria imekataza kutia ile siagi kwenye maji ya sigara za umeme, lakini anaendelea kuwaona watu waliovuta vitu walivyouziwa chini ya meza, na ambao hawajui ndani mna nini. Kisha Menna akaitwa. Msimamizi wa baraza, mzee mwenye miwani, alimwomba kwa upole asome kanuni kwa sauti, iingie kwenye kumbukumbu.

Menna aliifungua ile karatasi. Alikuwa amesoma kanuni maisha yake yote, kwa wasaidizi, kwa watoto, kwa wanawake wa kanisani. Alisoma vanila. Alisoma yai, maziwa, karameli. Alipofika kwenye ule mstari wa siagi alisimama, akausoma na kiasi chake, matone kwa matone. Nyuma yake alisikia mtu akilia, akajua bila kugeuka kwamba ni Dilwyn.

"Ahsante, Bi Prosser. Upande wa pili pia, tafadhali."

Akaigeuza karatasi, akausoma wote.

Iliandikwa kwamba Lowri Prosser alikufa kwa ugonjwa alioupata kazini. Banda lilikuwa limeshafungwa mwaka mzima. Dilwyn alikuwa ameshatozwa faini na kuonywa mahakamani; Emrys alisikiliza yote akiwa amekaza taya, akatoka nje kabla ya watu kuinuka.

Menna alimkuta Dilwyn kwenye ngazi za jengo, ameshika reli. Kile kitambi kilikuwa kimekwisha. Alitaka kusema kitu, akakohoa. Kikohozi kikavu, kifupi, kikifuatana. Akapanda ngazi moja kumwelekea, akasimama kupumua.

Menna alikitambua kile kikohozi. Alimtazama shingoni, pale juu ya tai.

"Tangu lini?"

"Bi Prosser, mimi nilikuja kukuomba..."

"Nimekuuliza tangu lini, Dilwyn."

"Tangu Agosti hivi. Wanasema pumu."

Ngazi zilikuwa tupu sasa. Kule chini Emrys alikuwa amekwisha washa gari, amewapa mgongo. Menna alifunga vifungo vya koti lake kimoja kimoja.

"Sijakusamehe," akasema. "Sijui kama nitaweza. Usiniombe leo."

"Sawa."

"Daktari Sinfield bado yumo ndani, anakusanya makaratasi yake. Nenda umwambie ulikuwa unasimama kwenye sufuria gani, na kwa miaka mingapi. Umwambie yote. Usimwambie habari za pumu."

Dilwyn hakusogea. Alikuwa akilia tena, kama mtoto, pua inachuruzika.

"Naogopa," akasema.

Kule chini Emrys akapiga honi, fupi, mara moja. Menna aliinua mkono kumwashiria angoje. Kisha akamshika Dilwyn kiwiko, wakaanza kupanda, ngazi moja, pumziko, ngazi moja.